Jina la Simucube lilitoka wapi: jibu kwa fundi anayeunda pedali za mbio za kompyuta

Msomaji wetu mmoja wa Nairobi, fundi wa vyuma na umeme ambaye ameanza kuunda pedali za kuendeshea mbio za magari kwenye kompyuta, ameuliza swali linalostahili jibu refu. Anasema kila anapofuatilia ushauri wa waendeshaji wazoefu hukuta jina la Simucube, mashine ya usukani wa mbio za kompyuta, likitajwa kwa heshima kubwa, ilhali mwenye jina hilo, kampuni ya Granite Devices ya mjini Tampere nchini Ufini, ni kampuni ndogo ambayo mtu asiyefuatilia mambo haya hawezi kuwa ameisikia. Anataka kujua heshima hiyo ilipatikanaje, na kama yeye, mwenye karakana ya watu wachache na fedha haba, anaweza kuifuata njia hiyo.

Kwa kifupi, Granite Devices ilipata sifa kabla haijawa na bidhaa hata moja ya mbio za kompyuta. Ilikuwa ikiuza kipuri, tena kipuri cha kiwandani, na miongoni mwa walionunua walikuwapo watu wenye uwezo wa kukipima, kukijaribu hadi kikomo na kukilaumu hadharani kikiwa kibovu. Watu hao ndio walioifuata kampuni, wala si kampuni iliyowafuata wao. Ilipoamua hatimaye kuwatengenezea kifaa chao mahususi, ilikuta wameshaiamini kwa sababu ambazo wangeweza kuzieleza kwa namba. Mambo mengine yaliyokuja baadaye yalisimama juu ya msingi huo, na ndiyo maana sitayapa uzito sawa hapa.

Tuanze na hali ya usukani ilivyokuwa. Usukani mzuri wa mbio za kompyuta hauishii kupeleka amri kwenye gari la skrini. Hurudisha pia mikononi mwa dereva nguvu ambazo matairi ya mbele yanaupa mfumo wa usukani. Programu ya mbio hukokotoa nguvu hizo na kuzituma kwenye mashine, kisha mota iliyo ndani ya mashine huuvuta usukani dhidi ya mikono ya anayeushika. Kwa miaka mingi mota hiyo ilikuwa ndogo, na ili iongezewe nguvu ilipitishwa kwenye gia, kama katika Logitech G25 ya mwaka 2006 na G27 na G29 zilizofuata, au kwenye mikanda, kama ilivyokuwa katika mashine nyingi za Thrustmaster na Fanatec. Meno ya gia huwa na nafasi kidogo kati yake, kwa hiyo usukani hugongagonga kila unapobadili upande. Mikanda nayo hunyumbuka na kuongeza msuguano. Nguvu ya kuzungusha ya G29 ni zaidi kidogo ya Nm 2 (Nm, yaani nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kwenye usukani wa kipenyo cha sentimita 27, hiyo ni kama kuvutwa na uzito wa kilo moja na nusu ukingoni.

Uhaba huo wa nguvu haukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Dereva anayeingia kwenye kona kwa kasi huhitaji kujua ni wakati gani hasa tairi la mbele linaanza kupoteza mshiko, na habari hiyo hufika kama badiliko dogo sana la uzito wa usukani, au mtetemo mwepesi, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Gia na mikanda humeza habari ya aina hiyo kabla haijafika kwenye vidole. Dereva anabaki akitegemea macho na masikio yake, na anapoona kwamba gari limeteleza, limeshateleza.

Dawa ilijulikana mapema: ondoa gia, ondoa mkanda, funga usukani moja kwa moja kwenye shafti ya mota kubwa. Viwanda vilikuwa na mota za namna hiyo tangu zamani, zile za sevo zinazoendesha roboti na mashine za kukata vyuma. Nchini Uingereza Leo Bodnar, aliyekwisha kujulikana kwa bodi zake ndogo za BU0836 za kuunganisha vitufe na pedali na kompyuta, alitengeneza mfumo wa namna hiyo ulioitwa SimSteering. Ubora wake haukuwa na ubishi, ila bei yake ilifaa zaidi wataalamu wa magari halisi na watu wenye uwezo mkubwa. Mchezaji wa kawaida aliyekuwa akiendesha jioni baada ya kazi alizisoma habari zake tu.

Hapo ndipo panapoingia kipuri nilichokitaja. Mota ya sevo peke yake haifanyi lolote. Inahitaji kidhibiti, yaani kifaa cha kielektroniki kinachosoma enkoda ili kujua shafti iko wapi, kinachopima mkondo wa umeme unaopita katika nyaya za mota, na kinachourekebisha mkondo huo maelfu ya mara kwa sekunde ili mota ifanye kile ilichoamriwa. Katika mashine ya kukata chuma, amri kwa kawaida ni ya mahali: nenda milimita kadhaa, simama hapo. Katika usukani amri ni ya nguvu: vuta kwa Nm 6, sasa 6.2, sasa 5, sasa vuta kinyume. Kidhibiti kinachofanya kazi ya kwanza kwa ustadi kinaweza kuvurunda ya pili, kwa sababu kelele ndogo ya umeme ambayo chuma kizito cha mashine hakiisikii, vidole vya binadamu huisikia kama mchanga ndani ya beringi.

Granite Devices, kampuni iliyoanzishwa na mhandisi Tero Kontkanen, ilikuwa ikitengeneza vidhibiti vya sevo kwa watu wanaojenga mashine za CNC, yaani mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta, na mitambo mingine midogo. Kilichoitwa ARGON kilichukua umeme wa kawaida wa ukutani. Kilichofuata, IONI, kilikuwa bodi ndogo ya kuchomeka, ya ukubwa wa kukaa kiganjani, iliyotumia umeme wa volti za chini kutoka kwenye pawasaplai ya pembeni. Vilikubali kuamriwa kwa nguvu, vilijibu haraka, na vilikuwa vitulivu. Lakini vidhibiti vyenye sifa hizo vilikuwapo pia kwa makampuni makubwa ya viwanda ya Ujerumani na Japani. Tofauti ambayo mimi naiona ndiyo iliyoamua mambo ilikuwa katika namna ya kuuza. Kampuni kubwa ya viwanda humuuzia mteja kupitia wakala, humtaka awe na kampuni, na maelezo ya ndani ya kifaa humfikia kwa mgao. Mtu binafsi mwenye hamu ya kujenga usukani chumbani kwake si mteja wake, na hata akipata kifaa hatapata wa kumjibu. Granite Devices iliweka maelezo ya vifaa vyake mahali pa wazi: michoro ya kuunganisha, maana ya kila hitilafu, namna ya kurekebisha kila kigezo. Programu yake ya kurekebishia, Granity, ilimwezesha mtu kuona kwenye grafu jinsi mota inavyoitikia amri. Maktaba ya programu ya kuzungumza na vidhibiti hivyo, SimpleMotion, ilitolewa kwa msimbo ulio wazi. Fundi yeyote mwenye subira angeweza kujifunza bila kumbembeleza mtu.

Katikati ya muongo wa 2010 waendeshaji waliokuwa pia wahandisi na mafundi wakaunganisha vipande hivi na kupata kile walichokiita Open Sim Wheel, au OSW kwa kifupi. Mapishi yake yalienea haraka. Mota ilitoka China, kwa kampuni ya MiGE, na modeli iliyopendwa ilikuwa 130ST-M10010, ambayo namba zake husomeka kwa urahisi ukishazizoea: uso wa milimita 130, nguvu endelevu ya Nm 10, mizunguko 1,000 kwa dakika. Waliotaka zaidi walichukua 130ST-M15015, yenye Nm 15 na mizunguko 1,500. Kidhibiti kilikuwa cha Granite Devices, ARGON mwanzoni na IONI baadaye. Katikati yake na kompyuta palikaa bodi ya bei nafuu ya STM32F4 Discovery yenye programu iliyoitwa MMos, iliyoifanya kompyuta iuone mtambo mzima kuwa usukani wa kawaida unaorudisha nguvu. Hakuna kampuni moja iliyomiliki mpango huo, na kila kipande kingeweza kubadilishwa.

Tafakari namba hizo kidogo. Mota ya Nm 10 endelevu huweza kufika karibu Nm 20 kwa muda mfupi, na kwenye usukani wa kipenyo cha sentimita 30 hiyo ni nguvu ya zaidi ya kilo 13 ukingoni. Ile kubwa, ikiachiwa Nm 30, hufika kilo 20. Kidole gumba kilichokaa vibaya wakati gari la kwenye skrini linagonga ukuta kinaweza kuumia kwelikweli. Watu waliojenga mashine hizi kwa hiyo hawakuwa wakicheza na kitu cha kuchezea. Kidhibiti kilichopoteza hesabu ya enkoda kingeweza kuuzungusha usukani kwa nguvu zote bila amri ya mtu. Walihitaji kidhibiti chenye ulinzi wa kweli, kinachokata umeme kinapoona jambo lisilo la kawaida, na walihitaji kusema waziwazi ni kifaa gani kinafanya hivyo na ni kipi hakifanyi. Katika mazingira hayo sifa haikuweza kununuliwa kwa tangazo. Mtu aliweka mota mezani, akapima, akaonyesha grafu, na mwenzake aliyekuwa na kifaa kile kile akarudia kipimo hicho.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji wetu alizingatie kuliko yote. Mtengenezaji mdogo kwa kawaida huwaogopa wateja wajuaji, kwa sababu huuliza maswali mengi, huona kasoro, na hawaridhiki na jibu la juujuu. Granite Devices ilibahatika, au ilikuwa na busara, kuwa na wateja wa namna hiyo tangu mwanzo. Kila mmoja wao, baada ya kuridhika, alikuwa na uzito kuliko matangazo mengi, kwa kuwa wale waliotaka kununua baadaye, wasiojua sevo wala enkoda, waliwaendea hao hao kuuliza wanunue nini. Heshima ilishuka kutoka kwa wajuzi kwenda kwa wasiojua. Makampuni mengi hujaribu kuianzisha kutoka chini: hutafuta kwanza wanunuzi wengi wa kawaida kwa bei na mwonekano, kisha hushangaa kwamba wajuzi hawawataji.

Kampuni ingeweza kubaki hapo, ikiuza vidhibiti na kuwaachia wengine faida ya mashine kamili. Maduka madogo ya Ulaya na Marekani yalikuwa yameshaanza kuuza seti za OSW zilizofungwa tayari. Badala yake ilitoa bodi iliyoitwa SimuCUBE, ambayo ndani yake palikuwa na nafasi ya kuchomeka IONI pamoja na kichakataji kilichofanya kazi ya ile bodi ya Discovery. Rundo la nyaya likapungua na makosa ya kuunganisha yakapungua pia. Cha maana zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza kampuni ile ile ilikuwa inaandika programu ya pande zote mbili, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye mchezo na ile inayoendesha mota. Kabla ya hapo, mtu alipolalamika kuhusu hisia mbaya usukanini, kila upande ungeweza kuulaumu mwingine.

Faida ya kushika pande zote mbili inaonekana vizuri katika jambo moja la kiufundi. Mchezo wa iRacing, ulioanza mwaka 2008 na kuwa kipimo cha wengi, kwa kawaida hutuma amri za nguvu mara 60 kwa sekunde. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa husafiri mita 50 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya amri moja na nyingine limeshapita zaidi ya sentimita 80 za barabara. Usukani wa gia haukuwa na uwezo wa kuonyesha upungufu huo, kwa kuwa ulikuwa mzito wa kuitikia na ulilainisha kila kitu. Mota ya sevo inayojibu haraka ilifanya kinyume: iliruka kutoka amri moja hadi nyingine kwa ngazi, na dereva alizihisi ngazi hizo kama ukwaruzo. Watu walikuwa wamelipa fedha nyingi ili wahisi zaidi, na sasa walihisi hata kasoro za mawimbi yenyewe. Katika programu ya Simucube pakawekwa kichujio cha kuunda upya mawimbi, kinachokisia umbo la nguvu kati ya amri na amri na kuziunganisha kwa mteremko badala ya ngazi, huku kikichelewesha kidogo sana. Mtumiaji alipewa uhuru wa kuchagua kiasi: akitaka ukali wote, au akitaka ulaini. Vichujio vingine vya kutuliza mwendo (damping), msuguano na uzito wa kuzunguka viliongezwa ili kuiga hisia za usukani wa gari halisi.

Maboresho kama haya yalifika kwa njia ya programu. Aliyenunua mashine mwaka uliopita aliifungua kompyuta yake, akasakinisha toleo jipya, na mashine yake ikawa bora kuliko alivyoinunua. Sijui njia nyingine inayomfanya mteja aisifie kampuni kwa hiari kuliko hiyo. Na wahandisi walioandika programu hizo walikuwa wakijibu wenyewe maswali ya watumiaji, kwa lugha ya kihandisi, wakieleza kwa nini jambo fulani linawezekana na jingine haliwezekani. Jibu la “haiwezekani, na sababu ni hii” liliwajengea imani sawa na jibu la “tumerekebisha”. Kampuni kubwa haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi, kwa sababu anayejibu barua si yule anayeandika programu, na yule anayeandika programu haruhusiwi kujibu barua. Udogo, katika hili, ulikuwa faida ya wazi.

Mwaka 2019 ikaja Simucube 2, na hapo ndipo jina lilipotoka kwa wajenzi likafika kwa watu wa kawaida. Mota, kidhibiti na programu vilikaa sasa ndani ya gamba moja; hakuna kuunganisha nyaya wala kupanga vigezo vya enkoda. Zilitolewa modeli tatu: Sport ya Nm 17, Pro ya Nm 25 na Ultimate ya Nm 32. Namba hizi ni za kilele, na kwa kuwa msomaji wetu ni fundi wa umeme atajua kwamba kilele na nguvu endelevu si kitu kimoja: nguvu ikiongezeka maradufu, mkondo huongezeka maradufu, na joto katika nyaya za mota huongezeka mara nne. Soko hili limejaa mashine zenye namba kubwa kwenye kasha ambazo huipunguza nguvu yake kimyakimya zinapopata moto. Anayenunua aulize nguvu hubaki kiasi gani baada ya nusu saa ya mbio.

Maamuzi matatu ya mashine hiyo yanaonyesha kwamba kampuni haikusahau ilikotoka. Swichi ya dharura ya kukata nguvu ilikuja pamoja na mashine, kama katika mtambo wa kiwandani, wakati ambapo wengine waliiona kuwa kitu cha ziada. Uso wa kufungia usukani ulifuata duara la matundu la milimita 70, kipimo ambacho sukani nyingi za magari ya mbio halisi hukitumia, kwa hiyo mtu aliweza kufunga usukani wa mtengenezaji yeyote. Na mawasiliano ya vitufe vya usukani, yaliyofanywa bila waya, yalifunguliwa kwa watengenezaji wengine, wakiwamo Cube Controls wa Italia na Ascher Racing wa Ujerumani, ambao nao ni wadogo. Wengi katika soko hili hufanya kinyume, wakimfunga mteja ili usukani wao usikubali mashine nyingine. Kumfunga mteja huleta fedha kwa muda. Lakini Granite Devices ilipowaachia wengine watengeneze sukani, kila mmoja wa hao wengine alikuwa na sababu ya kuisifia mashine yake.

Ingekuwa upotofu nikizungumza kana kwamba hakuna walichopoteza. Simucube 2 ilifanya kazi na kompyuta tu. Konsoli za PlayStation na Xbox hutaka vifaa vyenye leseni, na wakati huo kampuni haikuingia njia hiyo, ikawaacha nje wachezaji wengi mno, hasa vijana. Bei yake imebaki juu kwa mtu wa kipato cha kawaida hata Ulaya, na kwa mtu wa Afrika Mashariki huongezeka kwa usafirishaji na ushuru. Nadhani uamuzi wa kuacha konsoli ulikuwa sahihi kwa kampuni ya ukubwa ule, kwa sababu leseni huja na masharti na ratiba ambazo hazijali kama wahandisi wako ni watatu au mia tatu. Lakini hilo ni oni langu, na mtu anayetaka kukua haraka angeamua vingine.

Vilevile mwanya wa ubora umepungua. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani na Formula 1 yenyewe ikaendesha mashindano ya mtandaoni badala ya mbio zilizoahirishwa, wateja waliongezeka ghafla, na waliokuja baadaye waliingia kwa nguvu: Simagic na Moza kutoka China, Asetek kutoka Denmaki, hata Logitech na Thrustmaster, ambazo mwaka 2022 zilitoa mashine zao wenyewe zisizo na gia wala mkanda, ya kwanza ya Nm 11 na ya pili ya Nm 10. Mashine za China leo ni nzuri kwa bei ambayo Wafini hawawezi kuifikia, na yeyote anayekwambia kwamba tofauti ni ya mbingu na ardhi anatetea fedha alizotumia. Granite Devices ilijibu kwa kwenda mahali pasipo na mtu: pedali yenye mota, iliyopewa jina la ActivePedal, ambayo ugumu wake na mwendo wake hupangwa kwa programu na inayoweza kutetema au kurudisha mguu breki zinapojifunga. Ni teknolojia ile ile ya kidhibiti cha sevo, sasa chini ya mguu. Kampuni haikuacha fani yake. Ilitafuta mahali pengine pa kuitumia.

Kwa upande mwingine pa mizani wapo Fanatec, ambao jina lao lilikuwa kubwa kuliko la Wafini kwa kila kipimo cha mauzo. Walifanya mengi mazuri, na mashine yao ya CSL DD ya mwaka 2021 ndiyo iliyowafikishia watu wengi usukani wa moja kwa moja kwa bei ya kuhimilika. Hata hivyo Endor ya Landshut, Ujerumani, iliyomiliki jina hilo, ilielemewa na madeni hadi kufilisika mwaka 2024, na biashara ikachukuliwa na Corsair ya Marekani mwaka huo huo. Nalitaja si kwa kuwabeza, bali kwa kuwa msomaji aliuliza kuhusu heshima kana kwamba ni kitu kimoja na ukubwa. Katika sekta hii ndogo vitu hivyo viwili vimekwenda njia tofauti zaidi ya mara moja.

Sasa niingie katika karakana ya Nairobi. Pedali ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu asiye na mtaji, kwa sababu breki nzuri hailazimishi kuwa na mota. Inahitaji chuma kisichonyumbuka, kihisi cha uzito kinachopima nguvu ya mguu badala ya umbali wa kanyagio, na mpira au springi iliyopangwa vizuri. Dereva wa kweli hukumbuka nguvu ya mguu wake kwa usahihi kuliko umbali, na ndiyo maana kihisi cha uzito kimezishinda pedali za potentiometa, zinazopima umbali. Niels Heusinkveld wa Uholanzi, aliyekuwa akijulikana kwanza kwa kazi yake ya fizikia ya magari ndani ya michezo yenyewe, alianzisha kampuni yake kwa pedali za namna hiyo, na njia yake inafanana na ya Wafini: alikuja na ujuzi ambao watu walikuwa wameshaupima.

Lakini kuna kosa moja la kiufundi ambalo karibu kila fundi anayeanza hulifanya, na ningependa msomaji wetu aliepuke kabla hajauza pedali ya kwanza. Kihisi cha uzito hutoa mawimbi madogo sana ya umeme, na wengi hukiunganisha na chipu ya HX711, inayoyakuza na kuyageuza kuwa namba, kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila mahali. Chipu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mizani za kupimia bidhaa. Ikiachwa katika hali yake ya kawaida kwenye bodi nyingi zinazouzwa, hupima mara 10 tu kwa sekunde, yaani dereva anaweza kubonyeza breki na kompyuta isijue kwa sehemu ya kumi ya sekunde, muda ambao gari la kilomita 180 kwa saa limeshapita mita 5. Ikibadilishwa muunganisho wake hufika mara 80, na hiyo hutosha kwa kuanzia, ingawa bado kuna ucheleweshaji mdogo. Ukitaka kusifiwa na wajuzi tumia kikuzaji cha mawimbi cha kawaida pamoja na kigeuzi cha mawimbi kuwa namba chenye kasi zaidi, kama ADS1256, na bodi yenye kichakataji cha ATmega32U4, ambayo kompyuta huitambua moja kwa moja kama kifaa cha mchezo bila programu ya ziada.

Ukishamaliza, usiuze kwa mtu anayetaka pedali ya bei rahisi. Tafuta waendeshaji watatu au wanne wanaojua kupima, popote walipo, uwape kwa gharama yako pamoja na mchoro wa saketi, kipimo cha ucheleweshaji ulichokifanya mwenyewe, na uzito ambao chuma chako kilianza kupinda. Chapisha mchoro huo pia kwa wote. Atakayeiga kifaa chako kutoka kwenye mchoro angekiiga hata kwa kukifungua, na wengine mia watajifunza kukitengeneza kikiharibika bila kukupigia simu. Weka vipuri vya kila skrubu na kila mpira kwa miaka utakayoahidi, na uahidi michache kuliko unayoweza. Matundu ya kufungia yafuate vipimo vya fremu zinazouzwa, si vya fremu yako peke yako. Na wanne hao watakapokuletea malalamiko, hesabu kwamba kazi ya mwezi wa kwanza ni kuwajibu wao tu, kwa maelezo ya kwa nini, kabla hujafungua oda ya mtu wa tano.